Ng'ombe Hawangoji Saa Mbili

Siku ile mashine ya kidole ilipofungwa ukutani, pale mlangoni mwa ofisi yetu ya mifugo hapa Eldoret, mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, hata fundi aliyekuwa akikaza skrubu akageuka kuniangalia. Nilidhani ni ya wale wenzetu wa ndani, wanaoshinda na makaratasi. Sisi kazi yetu ni ng'ombe, na ng'ombe hawakai mjini. Kumbe ilikuwa yetu sote. Kufikia Jumatatu nilikuwa nimeacha kucheka.

Mimi ni mtu wa upande wa Kisumu. Nilikuja Eldoret kwa kazi, nikazoea baridi, nikazoea maziwa lala, hayo ya kugandishwa, nikabaki. Kaunti ilinipa kikundi cha wachanjaji nikisimamie. Walikuwa watu wachache tu, wengi wao wametoka magharibi kama mimi, wanapanga vyumba mtaa wa Huruma. Kazi yao ilikuwa kuzunguka vijijini na sindano na kisanduku cha barafu, kuchanja mifugo ya wakulima. Kazi ya umma, mshahara wa umma, na shukrani za umma, yaani hakuna. Lakini nakwambia walikuwa mafundi. Kulikuwa na mmoja mrefu, mtu wa Bungoma, ambaye angeweza kumchanja fahali kabla fahali mwenyewe hajajua kuna mtu nyuma yake.

Mashine hiyo ililetwa na bosi wetu mpya. Sitamsingizia: mgala muue na haki yake mpe. Alikuwa ametukuta na tabia ile ambayo kila mtu aliyefanya kazi serikalini anaijua, ya kutundika koti kwenye kiti ili mpita njia aseme mwenyewe yuko karibu, kumbe mwenyewe yuko kwake anapalilia sukuma wiki. Bosi akaapa kwamba makoti yatakoma. Saa mbili asubuhi unaweka kidole, saa kumi na moja jioni unaweka kidole. Asiyeweka, hayupo. Aliyeandikwa hayupo mara kadhaa ajieleze kwa maandishi. Na ukutani, juu ya mashine, akaweka fremu ya picha ya Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Mwezi wa kwanza picha hiyo ilikuwa ya karani mmoja ambaye hajawahi kukosa saa mbili, na ambaye sijawahi kumuona akifanya kitu kingine baada ya hapo.

Sasa sikiliza shida yetu. Msimu ule ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia upande wa Ziwa (hilo ni jina la mahali, si ziwa la maji), kule kaskazini kwenye mahindi na maziwa, na mnada wa ng'ombe ukafungwa. Hakuna kuuza, hakuna kununua, mpaka ng'ombe wa eneo zima wachanjwe. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mkulima wa Ziwa akishavuna, ng'ombe wake hukamuliwa alfajiri, kisha hufunguliwa waingie mashambani kula mabua. Wakishaingia huko, wamekwenda. Wanatawanyika mashamba kwa mashamba, na hata ukiwa na mbio za wale wakimbiaji wetu wanaotuletea medali, ng'ombe mzima huwezi kumrudisha kwenye krashi, kile kichochoro cha miti tunachowabania tukiwachanja. Wa kuchanja ng'ombe wa Ziwa lazima afike maziwa yakiwa bado yana moto ndooni.

Na sisi je? Sisi saa mbili tuko kwenye foleni ya kidole mjini. Mpaka gari litoke, mpaka tufike, jua limeshapanda na zizi ni tupu, limebaki samadi na kuku.

Nilimwambia bosi. Nilimwambia kwa heshima, nikamwambia tena kwa heshima kidogo, na mara ya mwisho nikamwambia bila.

"Bosi, ng'ombe hawajui saa mbili. Wacha watu wangu waende moja kwa moja kutoka nyumbani."

"Madam, kila idara ina sababu yake," akasema. "Nikiwaachilia nyinyi, kesho wa masoko watakuja, kesho kutwa wa barabara. Sheria ni moja."

"Lakini ng'ombe—"

"Sheria ni moja."

Yawa! Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Nilitoka pale masikio yakiwaka moto.

Kilichoniuma zaidi si sheria. Ni kuwaona watu wangu wakififia. Yule mrefu wa Bungoma, ambaye zamani alikuwa akifika kabla yangu na kuchemsha sindano huku akipiga mluzi, alianza kuja saa mbili kasoro kidogo, anabonyeza kidole, anakaa. Tukifika Ziwa tukakosa ng'ombe, hata hasemi kitu. Anashuka, anaangalia zizi tupu, anapanda tena. Siku ambazo hatuna safari, akishabonyeza kidole anaondoka zake Huruma kuuza viatu vya mitumba, halafu jioni anarudi kubonyeza tena. Mashine ilimpenda sana. Kulingana na mashine, huyo hakuwahi kukosa.

Nilimuuliza siku moja, "Kwani umekuwaje wewe?"

"Madam, walitaka kidole," akanijibu. "Nimewaletea kidole."

Alisema ukweli mtupu.

Huko Ziwa kulikuwa na mama mmoja, mzee lakini mwenye nguvu zake, mwenyekiti wa wakulima wanaopeleka maziwa pamoja. Huyo alikuwa na ulimi! Siku moja tulifika kwake jua likiwa juu ya mti, akatoka jikoni akatutazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Nyinyi watu wa kaunti huja kuchanja nini? Nyasi?"

Wenzangu wakaangalia chini. Yule mrefu akaangalia mbali kabisa, kule mashambani, ambako ng'ombe walikuwa wakionekana kama madoa. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Mtu kuambiwa mvivu na yeye ni mvivu, hilo halina neno. Lakini kuambiwa mvivu wakati mikono inakuwasha kwa hamu ya kazi, wacha tu, inauma.

Wiki ile ile bosi akatuita. Kwa uso mzito akasema idadi ya ng'ombe waliochanjwa ni ya aibu, na wakubwa wake wamechoka. Kazi ya Ziwa itapewa kontrakta. Tulikuwa tumebakiziwa duru hiyo ya chanjo tu. Kama haitabadilika, kikundi kitavunjwa na kila mtu apelekwe penye nafasi: mwingine lango la soko, mwingine maegesho ya magari kukagua stika. Akamtazama yule mrefu aliposema maegesho.

"Na ili tusipoteze muda zaidi," akaongeza, "kuanzia sasa mtaweka kidole na mchana pia."

Mchana pia! Yaani tutoke Ziwa saa saba turudi mjini kubonyeza, halafu twende tena. Nilisikia mtu nyuma yangu akicheka, kicheko kile cha msibani.

Tulitoka tukaenda nyuma ya ofisi, kwa kibanda cha chai. Hakuna aliyeagiza mandazi, na ukiona Waluhya kama hawa wangu wanakunywa chai bila kitu ujue mambo yameharibika. Ndipo nikawaambia nililokuwa nimelifikiria. Pikapu ya wakulima wa Ziwa huleta maziwa ya jioni kwa mahoteli ya mjini, na kabla ya alfajiri hurudi kwao na makopo matupu. Nilikuwa nimempigia yule mama simu. Alikuwa amenijibu, "Mkija na giza, mtakuta ng'ombe wamefungwa. Msipokuja, msinipigie tena."

"Friji ya chanjo iko chini yangu," nikawaambia. "Nitatoa dawa jioni, nitaweka kwenye barafu. Hapo hakuna wa kunigusa. Lakini kidole sina cha kuwasaidia. Mkienda na mimi, mashine itawaandika hamko kazini. Mnaweza kuandikiwa barua. Mimi siwaamrishi. Naomba tu, nisikie nyinyi mnafikiria nini."

Wote walikuwa wanamtazama yule mrefu, na mimi pia, na sitaficha, nilikuwa naogopa. Yeye ndiye aliyekuwa amekata tamaa kuliko wote, na yeye ndiye wangemfuata. Akanywa chai yake mpaka mwisho. Akapangusa mdomo.

"Mimi nitakaa mbele na dereva," akasema. "Nina goti bovu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mwenye kibanda akadhani tumeshinda kitu.

Baridi ya Ziwa alfajiri, msomaji, usiiombe. Tulipanda nyuma ya pikapu tukabanana kati ya makopo, mimi na kisanduku cha barafu mapajani kana kwamba baridi ya nje haikutosha. Makopo yaligongana njia nzima. Yule mrefu alikaa mbele kama alivyoahidi, na kila tulipopita shimo alikuwa akigonga kioo na kutuchekea. Sikuwa nimeona meno yake tangu mashine ije.

Tulipofika kwa mama, giza bado. Lakini sauti! Ng'ombe walikuwa wamejaa. Wa kwake, wa jirani, wa jirani wa jirani, laini imetoka krashi mpaka barabarani, pumzi zao zikipanda juu mbele ya taa za pikapu. Wanaume wamesimama na fimbo, akina mama na ndoo. Yule mama akatoka na shuka begani, akatuhesabu kwa macho.

"Eh," akasema. "Kumbe mna miguu."

Ndiyo karibu yake hiyo. Basi tukaingia kazini.

Natamani ungewaona. Mmoja anavuta dawa, mwingine anatia alama ya rangi mgongoni, mwingine anafungua na kufunga ule mti wa mbele. Hakuna anayemwambia mwenzake la kufanya. Yule mrefu alivua sweta kwenye baridi ile. Alikuwa akipita kando ya krashi na sindano, anampapasa ng'ombe shingoni, anamwambia neno kwa Kibukusu, na ng'ombe ameshachanjwa. "Mwingine! Leteni mwingine! Kwani mmelala?" Ni yeye huyo anawapigia wakulima kelele, yule aliyekuwa hasemi. Mkulima mmoja akamwambia, "Pole pole, daktari." Nilimuona akisimama nukta moja aliposikia hilo neno daktari, kisha akainama akaendelea, haraka zaidi.

Jua lilipotoka, laini ilikuwa imekwisha na wengine walikuwa wametumwa kuita vijiji vya mbele. Mama akatuletea maziwa lala kwenye kibuyu, yale yenye weusi wa mkaa ndani, na ugali wa moto. Tulikula tukiwa tumesimama, mikono inanuka dawa na samadi. Furaha niliyokuwa nayo asubuhi ile sijaipata kwenye semina yoyote, na semina nimekwenda nyingi.

Kesho yake tukaenda tena, na keshokutwa yake. Habari ikatutangulia. Tukawa tunafika mahali tunakuta krashi mpya imejengwa, miti bado mibichi, kwa sababu wakulima walisikia kwamba watu wa kaunti siku hizi wanafika na giza. Na mjini, mashine ikawa inatuandika hatupo, hatupo, hatupo. Bosi akanipigia simu.

"Madam, uko wapi?"

"Niko kazini, bosi."

"Mashine inasema hupo."

"Basi iulize mashine niko wapi," nikasema, na nikakata. Hasira zangu huwa zinafika kabla ya akili.

Alikuja. Tulikuwa tumerudi kwa yule mama siku hiyo, kumalizia ng'ombe waliobaki, na watu walikuwa wengi. Tuliona vumbi kwanza, halafu lile gari lake jeupe linalolala Elgon View, mtaa wa matajiri, kwenye gereji yenye sakafu ya vigae. Akashuka na viatu vyake vinavyong'aa. Wenzangu wakaacha kazi. Nikasema moyoni, haya, liwe liwalo.

Hakunisalimia. Alitoa simu mfukoni na kuanza kusoma kwa sauti, majina ya watu wangu mmoja baada ya mwingine, na kila jina likifuatwa na neno moja.

"Hayupo. Hayupo. Huyu naye hayupo."

Aliposoma jina la yule mrefu, na kusema hayupo, yule mama akaweka ndoo yake chini.

"Hayupo nani? Huyu?" Akamshika yule mrefu mkono, akamvuta mbele kama mtu anayetoa ushahidi barazani. "Huyu amekuwa kwangu kutoka giza. Kama hayupo, nani amechanja ng'ombe wangu?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye koti refu akainua fimbo. "Na huyu mfupi alifika kwangu jana kabla sijavaa viatu!" Mwingine nyuma akapaza sauti, "Huyo wa rangi ndiye alinisaidia kuvuta ndama juzi, mimi ni shahidi!" Ikawa kila mtu anaonyesha mtu wake. Kila mmoja wa watu wangu alipata mtu wa kusema yupo, alikuwepo, mimi nilimuona. Wenye kusema hivyo ni wale wale waliotuuliza kama tunachanja nyasi. Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa nikasikia macho yanaloa, na sikuona haya.

Bosi alisimama na simu yake mkononi. Sijui alikuwa anafikiria nini. Naweza kusema tu kwamba aliangalia ile laini ya ng'ombe, akaangalia migongo yenye rangi, mmoja, mwingine, mwingine, hadi barabarani, na akarudisha simu mfukoni.

Wakati huo huo kulikuwa na fahali mmoja amegoma kuingia kwenye krashi. Amekita miguu ya mbele, wanaume wanasukuma, hasongi. Yule mrefu, bila hata kugeuka kuona ni nani yuko nyuma, akapiga kelele, "Wewe mwenye shati jeupe, shika mkia!"

Bosi akatazama shati lake. Akatazama mkia. Kisha, amini usiamini, akaushika! Akausokota, akaegemeza bega, akasukuma pamoja na wengine, na fahali akaingia. Samadi ilimfika magotini. Akina mama wakapiga vigelegele kama mtu ameoa.

Alinawa mikono kwa maji ya mama, akapewa maziwa lala, akanywa yote. Halafu akanivuta kando, karibu na gari lake.

"Nilimpigia yule kontrakta jana," akasema polepole. "Nikamuuliza watu wake wataanza kazi saa ngapi. Akaniambia saa tatu, baada ya kunywa chai."

Nilijaribu kunyamaza. Nilishindwa. Nilicheka na yeye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyezoea. Akasema hiyo tenda imeisha, kazi ya Ziwa ni yetu, hii na duru zijazo. Akasema na hayo mambo ya kidole ataona, wachanjaji si makarani. Hakusema pole. Sikuihitaji.

Kisha akatoa kalamu.

"Gari mnataka lifike kwenu saa ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikaona si langu. Nikageuka nikawaita watu wangu pale krashini, kwa sauti yangu yote, hiyo ambayo mume wangu husema inafika Kisumu.

"Bosi anauliza! Kesho mnataka gari saa ngapi?"

Yule mrefu wa Bungoma alikuwa ameinama juu ya mgongo wa ng'ombe. Akainua kichwa, akamtazama bosi, akanitazama mimi.

"Saa kumi alfajiri!" akajibu. "Na mwambieni dereva asichelewe!"